Mkalimani wa Mama Mkwe

Mtaani kwao jina lake halisi lilikuwa limeshasahaulika. Wakubwa kwa wadogo walimwita Mkalimani, naye aliitika kwa sauti ya mtu aliyestahili. Kazi yake ilikuwa kufungua mlango wa hoteli. Alivaa koti lenye vifungo vya kung'aa, akasimama kizingitini tangu asubuhi. Mgeni akija, anavuta kioo, anainamisha kichwa, anasema maneno yake ya kukaribisha. Mgeni akitoka, anavuta tena na kumtakia siku njema. Maneno yenyewe ukiyakusanya hayajai kiganja. Ila aliyatamka kwa ulimi laini, na mtu akiyasikia kwa mbali angeapa kwamba nyuma yake kuna mengine chungu nzima.

Sifa ilianza siku mgeni mmoja wa ng'ambo alipopotea njia akaibukia mtaani kwao. Mkalimani alimshika mkono, akacheka pale mgeni alipocheka, akatikisa kichwa, akasema yale yake ya mlangoni moja baada ya jingine, akamfikisha kwenye teksi. Majirani walikuwa milangoni wanatazama. Kabla jua halijazama kila nyumba ilikuwa na habari: yule mwenzetu anaongea Kiingereza kama maji. Mtu mwenye akili timamu angekanusha palepale. Yeye alivikwa kilemba cha ukoka, akakiona cha hariri, akatembea nacho.

Aliyefurahi kuliko wote ni mkewe, na baada ya mkewe, mama mkwe. Huyu alikuwa mjane, mshonaji wa sare za shule, akiishi nyumba ya jirani na cherehani yake. Hakuwa mtu wa kusifia ovyo. Lakini mteja akija na kitambaa chenye maandishi ya Kiingereza pembeni, utamsikia akisema, "Acha hapo, mwanangu akirudi kazini atatusomea." Alimwita mwanangu, hakumwita mkwe. Mkalimani akipita jioni alikishika kile kitambaa, akakodoa macho, akasema, "Hii ni pamba nzuri sana." Mara nyingi ilikuwa pamba kweli, hivyo siku zikapita.

Basi mama mkwe akaanza kulalamika kwamba jicho la kulia lina ukungu pembeni. Familia ikakata shauri apelekwe kwa daktari wa macho, mgeni wa ng'ambo aliyekuwa akija zahanati mara chache kwa mwaka, na ambaye hakujua Kiswahili hata cha kuombea maji. Wagonjwa walikuwa wakitafsiriwa na muuguzi. Zamu yao ilipofika, muuguzi alivuta kiti akae nao, Mkalimani akainua kiganja. "Usijisumbue, dada. Mimi nipo." Muuguzi wa watu akashukuru, akaenda kunywa chai.

Daktari alizungumza kirefu. Alichora jicho kwenye karatasi. Akafunika upande wa uso wake kwa kiganja, akakisogeza taratibu kuelekea puani. Akatoa sandukuni chupa ndogo za matone, akainua moja, akasema sentensi fulani, kisha akairudia ileile, kidole kimenyooka. Mkalimani alitikisa kichwa kila palipoonekana panataka kutikiswa kichwa. Alishika neno la jicho. Alishika neno la maumivu, maana wageni wenye kuumwa miguu walilitumia sana pale mlangoni. Mengine yote yalimpita.

"Anasemaje, baba?" mama mkwe aliuliza, mikono mapajani.

Hapo palikuwa na nafasi ya kusema sijaelewa. Ni neno dogo, mtoto wa chekechea analisema na kurudi kucheza. Lakini mama mkwe alikuwa akimtazama kwa imani yote ile, na daktari naye anasubiri.

"Anasema ni macho ya utu uzima tu, mama. Ukisikia maumivu, tia tone. Yasipouma, usiguse. Na usizidishe, ukizidisha itachoma."

La kuchoma alilitoa wapi, yeye mwenyewe hajui mpaka leo. Lilikuja tu, kukamilisha sentensi, kama mtu anavyoongeza chumvi kwenye mchuzi ambao hajauonja.

"Mungu ambariki," mama mkwe akasema, akazitia chupa kwenye mkoba. "Na wewe akubariki, baba."

Walitoka pale akiwa na nafuu ya mwizi aliyevuka ukuta. Nafuu yenyewe haikudumu. Siku si nyingi mama mkwe aligonga bega kwenye fremu ya mlango ambao ameupita nusu ya maisha yake. Akacheka, akasema nyumba imesogea. Siku nyingine alimimina chai pembeni ya kikombe. Kisha sare moja ya mtoto wa shule ikarudishwa, mshono wa ubavuni umekwenda upogo, na mteja, mtu wa miaka yote, hakusema kitu, aliiweka tu mezani. Mama mkwe aliifumua siku hiyohiyo na hakumtania mtu mpaka jua likazama.

"Uzee huo," mkewe alisema. "Si daktari alishasema?"

"Ndivyo," Mkalimani akajibu, akasukuma sahani kando.

Alianza kuamka na lile jambo na kulala nalo. Hakujua daktari alisema nini, lakini alijua vizuri kabisa kwamba hakusema aliyoyasema yeye. Angeweza kurudi zahanati akamuulize muuguzi. Ila muuguzi angeuliza, kwani siku ile si ulikuwepo? Angeweza kumwambia mkewe. Alilifikiria hilo mara moja, akaona sura ya mkewe itakavyokuwa, akaliweka kando. Mwishoni akakata shauri la mtu mwoga: atajifunza. Daktari akirudi atamkuta Mkalimani wa kweli, atamuuliza upya, atarekebisha yote kimyakimya, na dunia haitajua.

Kulikuwa na darasa la jioni, juu ya duka la vifaa vya ujenzi, upande wa pili wa mji ambako hakuna anayemjua. Kiingereza cha kila siku, tangazo lilisema: cha nyumbani, dukani, njiani, hospitalini. Alimwambia mkewe zamu imebadilika. Akavua koti la hoteli, akalikunja ndani ya mfuko wa plastiki, akapanda ngazi za mbao zilizojaa harufu ya rangi na misumari. Akasukuma mlango, na mtu wa kwanza kumwona, benchi la mbele kabisa, miwani puani, alikuwa mama mkwe wake.

Walitazamana. Kama ardhi ingepasuka hapo angeishukuru na kuingia kwa hiari yake.

"Shikamoo, mama," akasema, maana mdomo lazima useme kitu.

"Marahaba, baba." Mama mkwe alivua miwani, akaivaa tena. "Na wewe?"

"Nimekuja... nimekuja kumsaidia mwalimu."

"Ahaa," akasema mama mkwe, na kwa kweli uso wake ulichangamka. Akamgeukia muuza mboga aliyeketi jirani yake. "Huyu ndiye mwanangu niliyekuwa nakwambia."

Uongo ule haukupata hata muda wa kukaa kitako. Mwalimu, binti mwembamba mwenye sauti ya kutosha watu watatu, aliingia na boksi la chaki, akamwona, akafurahi. "Aa, mwanafunzi wangu mpya! Karibu. Kwenye simu ulisema hujui kitu zaidi ya salamu, si ndiyo? Usijali, hapa wote ni wachanga. Kaa mbele."

Darasa likacheka, kicheko kizuri tu cha kumkaribisha. Muuza mboga alimtazama Mkalimani, akamtazama mama mkwe, akaona bora apekue mkoba wake. Mama mkwe hakucheka wala hakuuliza. Aliinua mkoba wake kutoka kwenye benchi, akaupakata, nafasi ikapatikana. Mkalimani akakaa, masikio yakiwaka moto.

Walipotoka walitembea pamoja, hapakuwa na namna. Mama mkwe ndiye aliyefungua kinywa, tena kwa kujitetea yeye.

"Usinione mzee niliyeingiwa na wazimu. Nilifikiri tu, kila safari ya daktari wewe utaomba ruhusa kazini kwa ajili yangu. Bosi anaweza kukuchoka. Nikasema ngoja nishike mawili matatu, akirudi yule daktari nimjibu mwenyewe, nisikutie hasarani. Wala usimwambie mke wako, atanicheka mpaka majirani wasikie."

"Simwambii, mama."

"Na mimi simwambii." Akauweka sawa mkoba wake. "Kiingereza ni kipana, baba. Hata anayekijua anaongeza."

Alikuwa amempa pa kujificha, na Mkalimani alipachukua. Alisema ndiyo, anaongeza. Kisha akajichukia njia nzima.

Na hapo likaanza jambo ambalo hakulitegemea, kwamba darasa lilikuwa tamu. Mwalimu aliwafundisha nyumba yote, chumba kwa chumba: mlango, ambao Mkalimani alikuwa ameushika maisha yake yote bila kujua unaitwaje, dirisha, pazia, ndoo, kifuniko, ufagio. Aliwafundisha mwili, na siku hiyo akawapanga wawili wawili wagusane na kutaja. Mkalimani na mama mkwe wakabaki wanatazamana kama mbuzi wawili kwenye daraja jembamba. Kumgusa mama mkwe goti! Wakaelewana kwa macho. Kila mmoja akajigusa mwenyewe, na walipofika kiunoni wote wawili wakaruka moja kwa moja mpaka kwenye vidole vya miguu. Mwalimu akawauliza katikati mmepaacha kwa nani. Darasa likavunjika mbavu, na mama mkwe akacheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya kanga.

Njiani walijaribishana. Mama mkwe alikuwa akionyesha kitu kwa kidevu, yeye anataja. Kisha yeye anaonyesha. Mama alikuwa mwepesi kuliko yeye, na ndiyo ilivyo: mshonaji aliyezoea kukupima leo na kukukatia kitambaa kesho bila karatasi, kichwa chake kinashika. Alikuwa akisikia sentensi mara moja, anaiweka, na siku ya tatu anaitoa nzima. Lakini Mkalimani aliona pia kwamba vitu vya upande wa kulia mama havitaji. Akimwonyesha paka upande ule, mama anageuza shingo yote. Na kila alipogeuza shingo, Mkalimani alisahau neno alilokuwa anataka kumuuliza.

Jioni moja akapiga moyo konde, nusu konde.

"Mama, ile dawa unaitumia?"

"Nashukuru Mungu, jicho haliumi. Chupa bado zimejaa."

"Kwa nini usiwe unatia tu, hata kila siku? Dawa ni dawa."

Mama mkwe akasimama. "Si daktari alikataza? Ulisema ukizidisha itachoma."

Palikuwa na mti mdogo wa kando ya barabara pale, umezungushiwa waya. Mkalimani aliutazama ule waya kama ndiyo mara ya kwanza kuona waya. Sentensi ilikuwa imeshafika kwenye meno: mama, sikuelewa, nilibuni. Ilikuwa fupi. Alikuwa na haja ya kuisema kuliko haja ya kupumua.

"Ndiyo," akasema. "Ndivyo alivyosema."

"Basi tusimfundishe daktari kazi," mama mkwe akasema, akaendelea kutembea.

Mtu anaweza kusamehewa uongo wa kwanza. Ule wa zahanati ulimtoka kwa hofu, kama chafya. Huu wa pili aliusema akiwa amesimama wima, akijua. Usiku huo hakumwangalia mkewe usoni, na mkewe, mtu asiye na hili wala lile, akadhani ni uchovu wa zamu.

Yule mwalimu alikuwa na utaratibu wake. Kila mwanzo wa kipindi alikuwa akiita neno la mfukoni. Maana yake, kila mtu alete kitu alichowahi kusikia kikisemwa kwa Kiingereza akakibeba bila kukielewa, kutoka kwenye redio, kwa mteja, popote. Darasa linakifungua pamoja. Muuza mboga alileta matusi ya mteja mmoja, na tangu siku hiyo mteja yule anauziwa nyanya za chini. Fundi bomba alileta wimbo wa mapenzi aliokuwa akiuimba msibani miaka yote akidhani ni wa dini. Mkalimani hakuwahi kuleta kitu. Mifuko yake ilikuwa imejaa, lakini hakuna alilothubutu kulitoa.

Jioni hiyo kipindi kilikuwa cha hospitali. Ubaoni kulikuwa na asubuhi, usiku, kila siku, kidonge, tone, umiza. Mwalimu akaita neno la mfukoni, na mama mkwe akainua mkono.

"Mimi nina la daktari wangu," akasema kwa Kiswahili. "Alilisema mara mbili, kidole juu, nikalishika hivyohivyo. Maana yake mwanangu alishanieleza. Ila leo naona ubaoni kuna maneno yake mle ndani, nataka nione kama nayatambua."

Mkalimani alitaka kusimama amzuie, akachelewa.

Mama mkwe alifumba macho, akaitoa sentensi yote, pamoja na mapumziko ya daktari na namna alivyopandisha sauti mwishoni. Mwalimu alimwomba airudie, akairudia. Mwalimu akachukua chaki na kuiandika, na darasa zima likaanza kuisaidia kwa sauti, kila mtu akishangilia neno analolijua. Matone! Asubuhi! Na usiku! Kila siku! Walikuwa na furaha kama watu wanaovuta kamba pamoja. Kipande cha mwisho kikawashinda, mwalimu akawasaidia.

"Hata kama haliumi," akasema. "Daktari anasema: tia matone asubuhi na usiku, kila siku, hata kama haliumi. Umetamka vizuri sana, bibi! Mpigieni makofi."

Wakampigia. Mama mkwe alikuwa amefumbua macho, anautazama ubao. Alitazama pale penye kila siku. Akatazama pale mwisho. Midomo ikatikisika kidogo, ikisoma tena. Mkalimani alikuwa ameketi upande wake wa kulia, upande asiouona, na alijua kwamba ili amtazame itabidi ageuze shingo yote. Akasubiri igeuke. Haikugeuka.

"Asante, mwalimu," mama mkwe akasema, akakaa.

Nini kingine kilifundishwa jioni ile, Mkalimani hana habari. Walipotoka, kwenye ngazi zile za mbao, alitanguliza maneno. "Mama, ile siku..."

"Nishike mkono hapa, baba," mama mkwe akasema. "Upande huu ngazi siioni vizuri."

Akamshika. Walishuka hivyo, ngazi kwa ngazi, mkono wa mama ukiwa mkavu na mwepesi ndani ya wake, wenye alama za sindano kwenye vidole. Angemtukana. Angempiga kofi la uso mbele ya muuza mboga na fundi bomba, ingekuwa nafuu. Chini mama alisema twende, giza linaingia, na njiani hakuonyesha kitu chochote kwa kidevu. Walipoachana alimwambia lala salama kama siku zote. Kupitia dirishani kwake, kabla hajafunga pazia, Mkalimani alimwona akiinua uso juu na kuinamisha chupa ndogo juu ya jicho.

Darasani mama mkwe hakwenda tena. Alimwambia amepata sare nyingi za kushona. Mkalimani alikwenda peke yake, akakaa benchi la mbele na nafasi wazi ubavuni, akajifunza kama mtu anayetumikia kifungo.

Daktari aliporudi, mkewe alisema safari hii naye anakwenda. Aliweka wanja, akavaa vizuri. Alitaka, alisema, kumwona mumewe akiongea. Zahanati ilijaa. Muuguzi alikuwa nje akipanga foleni na kugombana na watu walioruka zamu, hivyo waliingia watatu tu: mama mkwe kwenye kiti cha mgonjwa, Mkalimani kando yake, mkewe kwenye benchi la ukutani, uso umejaa fahari.

Daktari alimpima muda mrefu. Aliwasha tochi, akazima taa, akawasha taa. Alimwambia mama afuate kidole, na kidole kilipofika upande wa kulia mama alikipoteza. Daktari akarudia. Kisha akavuta kiti karibu, akaweka mikono magotini, akauliza swali.

Mkalimani alilielewa lote, kuanzia neno la kwanza hadi la mwisho. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake kuelewa sentensi nzima ya Kiingereza ikitoka kinywani mwa mtu, na angetoa chochote asiwe ameielewa. Daktari alikuwa anauliza: alitia dawa kila siku, kama nilivyosema?

Kabla hajapata pumzi, mama mkwe alijibu. Kwa Kiingereza, polepole, sauti safi. Alisema: nilisahau.

"Mama!" mkewe aliruka benchini. "Wewe umeanza lini Kiingereza? Umesema nini? Baba watoto, kasema nini?"

Mkalimani alikuwa akimtazama daktari, na daktari alikuwa akimtazama mama mkwe kwa ile huruma yenye lawama ambayo watu huwatazamia wazee wazembe, na mama mkwe ameinamisha kichwa anaipokea, mtu ambaye katika maisha yake hajasahau hata kipimo cha shingo cha mtoto wa jirani. Hiyo ndiyo iliyomshinda. Akafungua kinywa na maneno yakatoka moja moja, kwa Kiingereza chake cha benchi la mbele, kibovu kisicho na viungo:

"Yeye hakusahau. Alifuata nilivyomwambia mimi. Siku ile mimi sikukuelewa. Nikasema uongo."

Daktari alivua miwani. Nje muuguzi alisikika akiita namba.

"Jamani mnasema nini?" mkewe akasema. Tabasamu lilikuwa bado lipo, ila limeanza kupotea njia. "Nami si mwanawe? Nielezeni."

"Anasema nilisahau dawa," mama mkwe akasema haraka, kwa Kiswahili. "Ananiombea radhi kwa daktari."

Na mkewe akaamini, kwa nini asiamini? Akamgeukia mama yake, na kwa sababu alikuwa ameogopa, alikuwa mkali. "Mama, jamani! Mtu anaacha kazi yake, anakuleta, anakueleza kila kitu neno kwa neno, wewe unasahau? Mtoto mdogo wewe? Sasa jicho likiharibika tumlaumu nani? Huyu hapa, aliyehangaika na wewe?"

"Ni kweli, mwanangu," mama mkwe akasema. "Ni uzee."

Angenyamaza pale, mambo yangekwisha. Mlango ulikuwa umefunguliwa kwa ajili yake, na mtu aliyeufungua alikuwa ameshauvuta mpaka mwisho. Kazi yake ilikuwa kupita tu. Mkewe angemsimulia shoga zake jinsi mume wake alivyomwombea mama radhi kwa Kiingereza. Mama mkwe hangesema kitu, leo wala kesho, mpaka azikwe. Mkalimani aliliona hilo lote kwa uwazi, na aibu iliyompanda ilikuwa kubwa mpaka ikamwondolea hofu.

"Sivyo nilivyosema," akasema.

"Baba, acha," mama mkwe akasema chinichini.

"Nimemwambia daktari kwamba mama hakusahau." Alimtazama mkewe, akajilazimisha asitazame sakafu. "Siku ile sikuelewa alichosema. Sikuelewa hata nusu. Alisema dawa itiwe kila siku, mimi nikamwambia mama asiiguse mpaka liume. Nilibuni. Na la kwamba itachoma, hilo pia nilibuni. Kiingereza sikukijua. Sijawahi kukijua."

Mkewe hakupiga kelele. Alisimama palepale, mkoba mkononi, akimtazama kama mtu anayejaribu kukumbuka wapi alimwona. Wanja ulikuwa umeanza kushuka. Kisha akapita mbele yake, akavuta benchi lile la ukutani, likakwaruza sakafu, akaliweka katikati ya Mkalimani na mama yake, akakaa. Akaushika mkono wa mama yake kwa mikono miwili.

"Nisamehe, mama," akasema. Mama mkwe akaupapasa mkono wa binti yake.

Daktari hakuwa na haraka, au alikuwa nayo akaificha. Hatimaye mama mkwe aliinua uso.

"Muulize daktari," akamwambia Mkalimani, "kama lililobaki litabaki."

"Asiulize yeye," mkewe akasema.

"Nimemwambia yeye."

Mkalimani akauliza. Alitafuta maneno moja moja. Daktari alijibu, kirefu kidogo, na katikati Mkalimani akapotea. Hakutikisa kichwa. Alisema kwamba hajaelewa, akaomba arudie. Daktari akarudia polepole. Neno moja likampita tena, akaomba tena, na daktari akalionyesha kwa mkono: kitu kinachokwenda na hakirudi. Wote wawili, mama na binti, walikuwa wakingoja.

"Anasema kilichopotea hakirudi," akasema. "Upande ule umekwenda. Lakini kilichobaki kinaweza kubaki, dawa isipokosa hata siku moja. Asubuhi na usiku. Ndivyo anavyosema."

Mkewe hakumtazama. Alimtazama daktari usoni, kwa makini, kuona kama ndivyo alivyosema.